Nyanda za Juu Ziko Wapi? Lugha ya Maonyo na Hatari za Mafuriko Garsen

Waswahili wana methali mbili zisizopatana. Ya kwanza husema ajali haina kinga. Ya pili huusia tahadhari kabla ya hatari. Anayefuatilia mijadala ya majanga ya kimaumbile katika Afrika Mashariki ataona kwamba ile ya kwanza ndiyo inayopendwa zaidi, hasa na wale ambao wajibu wao ulikuwa kuitekeleza ile ya pili. Mto ukifurika na vijiji vikazama, husemwa kuwa hiyo ni kudura, na kwamba hapakuwa na la kufanya. Makala haya yanaikataa kauli hiyo. Hoja yake ni moja: tahadhari huanza katika lugha, na onyo lisilomtajia mtu mahali pa kwenda na wakati wa kuondoka halijawa onyo bado, hata likitolewa kwa Kiswahili sanifu kisicho na dosari. Mfano mkuu ni Garsen, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya. Mfano wa kulinganishia ni mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako hatari haitokani na mto bali na mlima wa moto.

Mto uliozaliwa na volkano

Huenda msomaji akashangaa kuona mto na volkano vikiwekwa katika sentensi moja. Hata hivyo, uhusiano wa viwili hivyo si wa kubuni. Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya kwa kiasi cha kilomita 1,000, huanzia katika milima ya Nyandarua na katika miteremko ya Mlima Kenya. Mlima Kenya wenyewe, wenye urefu wa mita 5,199, ni volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Udongo uliotokana na moto huo wa kale ndio unaowapa wakulima wa Embu, Meru, Kirinyaga na Nyeri majani yao ya chai na kahawa yao. Mvua inaponyesha huko, maji huubeba udongo huo hadi nchi tambarare ya chini. Mpunga, migomba na miembe ya Wapokomo walio kandokando ya mto, kuanzia Hola hadi Garsen, Ngao na Ozi, hustawi juu ya tope lililoachwa na mafuriko ya miaka na miaka.

Kwa hiyo mafuriko si adui mtupu. Mkulima wa kingo za Tana huyangoja kama vile mkulima wa kwingineko angojavyo mvua. Maji yakipanda kwa kiasi na kushuka kwa wakati, shamba hupata unyevu na mbolea bila gharama. Mfugaji wa Kiorma na wa Kiwardei naye huyategemea, kwa kuwa nyasi za delta ndizo kimbilio la ng'ombe wakati wa kiangazi. Katika jambo hili mto na volkano hufanana: vyote viwili hulisha kabla ya kuua, na ndiyo sababu watu hawahami. Wanaouliza kwa nini watu wanaishi mahali pa hatari husahau kwamba mahali hapo ndipo penye chakula.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba mafuriko ya Garsen mara nyingi hayatokani na mvua ya Garsen. Mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, na ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hunyesha kwa wingi milimani, mamia ya kilomita kutoka hapo. Maji hupitia katika mfululizo wa mabwawa ya kuzalisha umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa, maji hufurika na kuendelea na safari yake hadi Garissa, kisha Hola, kisha Garsen. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Mkazi wa Garsen anaweza kuamka asubuhi jua likiwaka, mbingu ikiwa haina wingu, na mto ukawa unapanda. Utabiri wa hali ya hewa unaomwambia kwamba mvua itakuwa haba katika eneo lake huenda ukawa wa kweli na bado ukampoteza.

Hatari zenyewe

Historia ya karibu haina upungufu wa mifano. Wazee huyakumbuka mafuriko ya 1961. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalikata barabara, yakatenga vijiji na kubomoa matuta ya mradi mkubwa wa mpunga katika delta, mradi ambao ulikuwa umegharimu fedha nyingi za umma. Yakaja ya 2006, kisha ya 2018, ambayo yalilifanya eneo la Tana River kuwa miongoni mwa yaliyoathirika vibaya zaidi nchini. Baada ya ukame mkali ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea katika mwaka wote wa 2022, mvua za Novemba 2023 ziliangukia ardhi iliyokauka na watu waliokwisha kupoteza mifugo yao. Kabla hawajajenga upya, masika ya 2024 yakaleta maji mengine. Katika misimu hiyo miwili Kenya nzima ilipoteza mamia ya watu.

Hatari ya kwanza ni kufa maji, nayo si ya kijijini pekee. Barabara inapozama, watu hulazimika kuvushwa kwa boti zisizo na vifaa vya uokozi. Mnamo Aprili 2024, boti iliyokuwa imewabeba wasafiri ilipinduka katika maji yaliyokuwa yameifunika barabara kati ya Madogo na Garissa, na watu wakafa. Hao hawakuwa wavuvi wala mabaharia. Walikuwa wasafiri wa barabarani.

Hatari ya pili huja polepole. Vyoo hufurika na kuchanganyika na maji ya kunywa, na kipindupindu hupata njia. Mbu huzaliana kwa wingi katika madimbwi, na malaria huongezeka. Mafuriko ya 1997 yalifuatwa na mlipuko mkubwa wa homa ya Bonde la Ufa kaskazini mashariki mwa Kenya, ugonjwa unaotoka kwa mifugo na kumwingia mwanadamu. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliifikia Tana River yenyewe. Mfugaji alipoteza ng'ombe, akapoteza soko la wale waliobaki, na pengine akampoteza mtu wa nyumbani kwake. Mamba na viboko nao hufuata maji hadi mashambani na karibu na makazi.

Hatari ya tatu ni ya mazingira, na haina sauti. Misitu ya kingo za Tana ni makao ya mbega mwekundu na mangabe wa Tana, kima ambao kiasili hawapatikani penginepo duniani. Hifadhi yao ilitengwa mwaka 1976. Delta yenyewe iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Misitu hiyo huhitaji mafuriko ili iote upya. Lakini mabwawa ya juu huyazuia mafuriko madogo yenye manufaa na kuyanasa matope yenye rutuba, ilhali mafuriko makubwa huyashinda na kushuka kwa kishindo. Watu wa chini hukosa yale ya kulisha na kuletewa yale ya kuangamiza. Huko Ozi, karibu na mlango wa mto, maji matamu yakipungua, ya bahari hupanda na kuunguza mashamba kwa chumvi.

Tena mto huhama. Katika karne ya 19 mtawala wa Witu alichimba mfereji wa Belazoni ili kuuunganisha Mto Tana na Mto Ozi. Baadaye maji yaliupenda mfereji huo kuliko njia yake ya zamani, na leo Tana humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Mnamo 1989 mto uliihama njia yake karibu na Hola, na mradi wa umwagiliaji uliotegemea pampu za hapo ukaanguka. Mifano hii miwili yatosha kuonyesha kwamba neno 'asili' katika 'majanga ya asili' halipaswi kupokewa bila kuhojiwa. Mvua ni ya asili. Mfereji, bwawa, tuta lililobomoka na barabara isiyo na daraja la kutosha ni kazi za binadamu.

Nyanda zipi?

Sasa mwana-Kiswahili na alitazame onyo lenyewe. Kila mvua kubwa inapotabiriwa nchini Kenya, wakazi wa maeneo ya mabondeni huhimizwa 'kuhamia nyanda za juu'. Kauli hiyo husomwa redioni, huandikwa magazetini na hurudiwa na viongozi katika mikutano. Kisarufi haina kosa. Kimaana, kwa mtu wa Garsen, ni fumbo.

Mwanafunzi yeyote wa jiografia ajua kwamba 'nyanda za juu' ni Limuru, Kericho, Nyandarua, au kwa upande wa Tanzania, Mbeya na Iringa. Ni nchi ya baridi na milima. Ikichukuliwa kwa maana hiyo ya kitabuni, kauli ile inamtaka mkazi wa delta ahamie huko huko yanakotoka maji yanayomfukuza. Bila shaka mtangazaji hakukusudia hivyo. Alikusudia mahali popote palipoinuka. Hata hivyo, nchi ya Garsen ni tambarare hadi upeo wa macho. Palipoinuka ni kichuguu cha mchanga, tuta la barabara, au kiwanja cha shule ambacho kilizama mwaka uliopita na kikasalimika mwaka mwingine. Mahali hapo pana majina, na majina hayo yanajulikana na kila mtoto wa kijiji. Katika tangazo hayamo.

Tatizo hili si la msamiati tu. Ni dalili. Mtu anayeandika 'nyanda za juu' hahitaji kujua ni wapi. Anayelazimika kuandika 'watu wa kijiji fulani wahamie kiwanja cha shule fulani kabla ya Alhamisi jioni' atalazimika kwanza kujua kama kiwanja hicho kina nafasi, kina maji ya kunywa, kina vyoo, na kama ng'ombe wa jirani hawajatangulia kufika. Lugha bayana humbana msemaji. Humfanya apange kabla ya kutamka. Ndiyo maana lugha ya jumla hupendwa sana maofisini: mtoa tangazo huhesabiwa kuwa ameonya, bila ya kuulizwa ameandaa nini.

Mfano wa Oktoba 2023 unafaa kutajwa hapa. Kwa wiki kadhaa taifa lilibishana juu ya jina. Wataalamu walikuwa wametabiri El Niño. Kisha Ikulu ikatangaza kwamba El Niño haingekuja, ila mvua kubwa kuliko ya kawaida. Katika masikio ya wananchi, ambao tangu 1997 wamelifanya neno hilo kuwa la Kiswahili na kuliita 'elinino', tafsiri ilikuwa moja: hakuna mafuriko. Novemba maji yakaja. Mzozo ulikuwa wa istilahi, lakini gharama yake ilikuwa ya nyumba, mazao na roho. Aliyekuwa Garsen hakuhitaji kujua kama joto la Bahari ya Pasifiki limetimiza masharti ya kuitwa El Niño. Alihitaji kujua kama avune mahindi yake mabichi au ayaache.

Inasikitisha zaidi kwamba upungufu huu unatokea katika lugha isiyo maskini. Kiswahili cha bahari kina bamvua na maji mafu, kina kusi na kaskazi, kina kujaa na kupwa. Mvuvi huambiwa kwa neno moja kile ambacho mtaalamu angekieleza kwa aya nzima. Kiswahili cha mto, kinyume chake, hutegemea 'mafuriko' kwa yale yanayorutubisha shamba na kwa yale yanayozoa kijiji. Sababu si kwamba watu wa mto hawana maneno. Wanayo katika lugha zao, na lugha hizo si za mbali. Kipokomo na Kiilwana ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, kama walivyoonyesha Nurse na Hinnebusch katika utafiti wao wa 1993. Lugha ya Waorma imekwisha kuukopesha mjadala wa ardhi katika eneo hilo neno 'malka', yaani njia na mahali pa mifugo kufikia maji mtoni. Tangazo linalosema 'malka hii itafungwa na maji kabla ya Ijumaa' humfikia mfugaji moja kwa moja. Tangazo linalotaja mita za ujazo kwa sekunde huko Garissa humpita juu ya kichwa.

Taifa la Kenya huimba wimbo wake kwa lahani iliyotokana na bembelezi ya Wapokomo. Ni jambo la fahari. Lakini ni ajabu kwamba jamii iliyoipa nchi lahani yake ya taifa huonywa kwa maneno ambayo hakuna aliyefika kuiuliza kama inayaelewa.

Funzo la Goma

Hali ya Goma inaonyesha kwamba tatizo hili si la mto mmoja. Goma ni mji wa watu wanaozungumza Kiswahili, uliojengwa chini ya Mlima Nyiragongo, volkano hai yenye urefu wa mita 3,470 hivi. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, na mwaka 1977 ilishuka kwa kasi ambayo watu wa miteremkoni hawakuweza kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuteketeza maelfu ya nyumba. Siku chache baadaye, watu waliokuwa wakichota mafuta katika kituo cha petroli kilichozingirwa na lava ya moto walilipukiwa, na makumi wakafa. Hatari ya kwanza ilikuwa imepita, lakini ya pili haikuwa imeelezwa.

Mlima ulilipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha mji huo kilikuwa kimeishiwa fedha, na kwa miezi kadhaa kilikuwa hakina hata mtandao wa intaneti wa kupokelea data za mitambo. Watu waliliona anga jekundu kabla ya kusikia tangazo lolote. Watu wapatao 30 walikufa, baadhi yao si kwa lava bali kwa ajali za barabarani katika mbio za gizani. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, amri ya kuhama ilitolewa kwa kutaja mitaa 10 kwa majina yake na njia ya kuelekea Sake. Mamia ya maelfu waliondoka. Huko Sake na kwingineko hapakuwa na maji wala vyakula vya kutosha, na mateso yakawa makubwa. Hata hivyo watu walijua ni nani aondoke, aende upande gani na kwa nini. Tofauti kati ya jioni ya tarehe 22 na asubuhi ya tarehe 27 ni tofauti kati ya ukimya na sentensi iliyo kamili.

Goma pia imeipa dunia neno. Katika mabonde madogo ya eneo hilo hewa nzito ya kaboni dioksaidi hutoka ardhini na kutuama karibu na uso wa nchi. Mtoto, mbuzi au mtu aliyeinama huvuta na kufa bila kuona moshi wala kunusa harufu. Wenyeji waliita mahali hapo 'mazuku', na wanasayansi wa volkano duniani wamelipokea neno hilo katika maandishi yao. Hawakulitafutia tafsiri. Walitambua kwamba wenyeji walikuwa wamekwisha kulitenga jambo, kulipa jina na kulifanya onyo. Mzazi wa Goma akimwambia mtoto asicheze mahali fulani kwa sababu pana mazuku, tahadhari nzima imo ndani ya neno moja. Hivyo ndivyo lugha ya usalama inavyopaswa kufanya kazi.

Pingamizi na majibu

Atakuwapo msomaji atakayesema kwamba lugha haizuii maji. Kauli hiyo ni ya kweli. Watu wengi wa Tana huujua mto wao kuliko yeyote anayewatangazia, na hukaa si kwa kutoelewa bali kwa kukosa pa kwenda. Anayeondoka huacha mihindi shambani, huacha mbuzi, na huenda akarudi akute kiwanja chake kimechukuliwa. Pale palipoinuka huenda pakawa malisho ya jamii nyingine. Eneo hili halijasahau mapigano ya Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, ambapo zaidi ya watu 100 waliuawa katika uhasama uliochochewa, pamoja na mengine, na ugomvi wa ardhi na maji. Kumwambia mkulima na mfugaji wakimbilie kichuguu kimoja bila maandalizi ni kuwatoa katika hatari moja na kuwatia katika nyingine.

Pingamizi hilo, hata hivyo, linaipa nguvu hoja ya makala haya. Kauli ya 'nyanda za juu' ndiyo inayoyaficha yote hayo. Haitaji ardhi ya nani, haitaji muda gani, haitaji nani atalinda shamba lililoachwa. Mahali pakitajwa kwa jina, maswali hayo huibuka kabla ya maji kufika, na wazee wa gasa ya Wapokomo pamoja na wazee wa Waorma na Wawardei huweza kuketi na kuyajibu wakati nchi ikiwa kavu. Lugha haizuii maji, lakini huzuia uzembe kujificha.

Wengine watasema kwamba Kiswahili kinatosha, na kwamba kuingiza maneno ya Kipokomo au Kiorma ni kukirudisha nyuma kazi ya usanifishaji. Hofu hiyo haina msingi. Kiswahili sanifu kilijengwa kwa kuchota, na hakuna lugha ya taaluma iliyokua kwa kujifungia mlango. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na papo hapo inalitaka taifa kukuza lugha za wenyeji, lugha ya ishara na maandishi ya wasioona. Kiziwi wa Garsen naye hukaa kandokando ya mto.

Kazi iliyo mbele ya wana-Kiswahili

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimekuwa vikiandaa makongamano juu ya istilahi za sheria, tiba na teknolojia ya mawasiliano. Ni kazi njema. Lakini istilahi nyingi huzaliwa katika meza ya kamati, zikachapishwa katika orodha, na zikafia humo. Istilahi za majanga haziwezi kuundwa hivyo, kwa kuwa kipimo chake si uzuri wa mofolojia. Kipimo chake ni kama mtu aliyelisikia neno saa nane ya usiku aliondoka au alibaki kitandani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukusanya. Wanafunzi wanaofanya utafiti wa nyanjani wafike Garsen, Ngao, Minjila, Hola na Kipini, wasikilize jinsi watu wanavyoutaja mto unapopanda, unapotulia, unapokata ukingo na unapohama. Wasikilize vilevile lugha ya wafugaji. Kazi ya pili ni kujaribu. Tangazo la mafuriko lisomwe mbele ya watu wa kawaida, kisha waulizwe wamesikia nini na wangefanya nini. Likieleweka visivyo, kosa ni la tangazo, si la msikilizaji. Kazi ya tatu ni kugeuza vipimo kuwa alama. Badala ya kutaja kina cha maji huko Garissa pekee, isemwe maji yatafika kwenye mwembe gani, msikiti gani, kanisa gani, daraja gani, na baada ya siku ngapi. Kazi ya nne ni ya wahadhiri: kozi za tafsiri ziyape maonyo ya umma nafasi sawa na ile ya mikataba na riwaya. Mfasiri wa riwaya akikosea, msomaji hukereka. Mfasiri wa onyo akikosea, mtu huzama.

Wasomi wa fasihi nao hawajaachwa nje. Nchi ya Ozi na Kipini ndiyo ambayo masimulizi mengi huihusisha na Fumo Liyongo, na jina lake husomeshwa katika kila idara ya Kiswahili. Ni haki basi kwamba idara hizo ziifahamu nchi hiyo pia kama mahali pa watu walio hai, wanaolima, wanaochunga na wanaolala wakisikiliza maji. Fasihi inayojivunia shujaa wa mto na kunyamaza juu ya watu wa mto itakuwa imesoma nusu ya kitabu.

Mvua zitanyesha tena Nyandarua na Mlima Kenya. Masinga itajaa, na maji yatashuka. Katika hilo hakuna shaka, na hakuna kamusi iwezayo kulizuia. Lililo mikononi mwa binadamu ni siku zile kadhaa ambazo maji husafiri kutoka milimani hadi Garsen. Siku hizo ni neema ambayo watu wa Goma hawakuipata jioni ile ya Mei. Zikijazwa maneno yenye anwani, mama ataondoka na watoto wake mchana, kwa miguu, akijua aendako. Zikijazwa 'nyanda za juu', atasubiri hadi maji yamfikie kizingitini, kisha atauliza swali ambalo lilipaswa kujibiwa kabla: ziko wapi?